Kahawa ya Maziwa Bila Sukari

Kahawa ya maziwa ninayoijua mimi haitiwi sukari. Wajukuu wangu wakija kutoka mjini huinywa na kusifu, wanasema nyanya alijua kutunza afya hata kabla ya wataalamu wa redioni. Mimi huwaacha waseme. Aliyeitoa sukari kwenye sufuria yangu hakuwa mtaalamu. Ni mguu wa babu yao.

Babu yao alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa Mzungu huku Nyansiongo, kabla ya Uhuru. Kila asubuhi akimaliza kukamua, mpishi wa Mzungu alimpitishia dirishani kikombe cha kahawa iliyobaki mezani, malai juu, sukari chini. Mzungu alipoondoka, shamba likakatwa vipande, na sisi tukapata chetu. Wengine walirithi mabati ya Mzungu, wengine seng'enge. Mume wangu alirithi ulimi. Kahawa ambayo haikujaa sukari aliiita maji ya kuoshea vyombo.

Watu wetu hawakuwa wanywaji wa kahawa. Kwetu nilikozaliwa, upande wa Nyamache, baba yangu alikuwa nayo shamba zima. Tulichuma zile nyekundu, tukabeba hadi kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai. Kahawa tuliilea kama mtoto wa mwenyewe: unamwosha, unamlisha, akikua haji kukusalimu. Kwa hiyo mume wangu na kikombe chake alikuwa kioja kijijini, na hakujali. Alinunua ya mkebe kwa Mhindi, akanifundisha kuipika kama ya Mzungu, na mimi nikaipika hivyo miaka mingi, malai na sukari, kwa sababu mume akiwa na furaha asubuhi mchana unapita bila kelele.

Miaka ya sabini ilipoanza, alianza kukauka. Mtu aliyekuwa na shingo kama ya fahali akawa anafunga suruali kwa kamba ya mkonge. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Na nyuma ya nyumba, pale alipozoea kusimama kukojoa, sisimizi walijipanga kama watu wanaongoja kuuziwa sukari dukani. Dada yake akasema ni kurogwa. Mimi nikasema ni minyoo. Sote wawili tulikuwa wajinga.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa ameketi jikoni akiota moto, ananisimulia habari za ng'ombe wa jirani aliyevunja ua. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikafunua chungu. Kulikuwa na mboga tu, chinsaga. Nyama hatukuwa tumeona tangu Krismasi. Nikageuka, nikaona kisigino chake kiko juu ya kaa la moto, kinatoa moshi, na yeye bado anacheka habari za ng'ombe.

"Mguu wako!" nikapiga kelele.

"Mguu wangu umefanya nini?" akauliza.

Hakuwa amesikia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akilia kwa maumivu unajua bado yuko.

Kisii hospitalini walikata vidole, halafu wiki nyingine wakakata chini ya goti. Daktari aliniita kando, mume wangu akiwa amelala bado kwa dawa.

"Mama, ana ugonjwa wa sukari. Vidonge nitampa. Lakini mguu uliobaki uko mikononi mwako. Sukari asiguse. Na mafuta ya maziwa, mpunguzie. Chai yake iwe kavu."

"Huyo si mtu wa chai, daktari. Ni mtu wa kahawa."

"Basi kahawa bila sukari."

"Hataikubali."

"Basi utamleta tena, tukate na huo mwingine," akasema, akaenda zake kwa mgonjwa wa pili. Nilimchukia siku nzima. Baadaye niliona kwamba yeye peke yake ndiye aliyeniambia neno lililonyooka.

Nikarudi nyumbani na kazi moja tu duniani, kuulinda mguu wa kushoto wa mtu mbishi.

Kahawa ya mkebe bila sukari ilimshinda. Ilikuwa chungu kama kwinini, akaitema chini, mbwa akaja, akanusa, akaondoka. Nikafikiri: uchungu huu ni wa kuunguzwa. Hawa wanaokaanga kahawa wanaiunguza mpaka inakuwa makaa, kisha wanatuambia tuiponye kwa sukari. Nikaenda kwa kaka yangu Nyamache. Akanipa mbuni, zile kahawa zinazokaukia mtini, akanizikia chini ya viazi vitamu kwenye kikapu, maana siku zile kahawa ilikuwa ya kiwanda, na ukionekana nayo nyumbani utaulizwa maswali. Nikapanda basi nikiwa nimeikalia kama kuku.

Nilitwanga kwenye kinu maganda yakatoka, nikapepeta, nikakaanga kwenye kigae, moto mdogo, nikigeuza bila kuondoka. Jirani yangu, mama mmoja Msabato mwenye mdomo mrefu, akaja akasimama mlangoni.

"Unakaanga mavi ya mbuzi?"

"Nakaanga kahawa."

"Sisi kwetu kahawa ni dhambi. Nyinyi Wakatoliki mnaifukiza kama ubani."

"Basi toka, usije ukaokoka kwa moshi."

Akacheka mpaka akashika mlango. Lakini kesho yake aliniletea kipande cha mdalasini, alichokuwa nacho cha kutibia tumbo, akasema weka hicho, kinanukia utamu ingawa hakina.

Ya kwanza niliiunguza. Ya pili ilikuwa mbichi, ikanuka majani. Baadaye nikajua: ukikaanga hadi rangi ya udongo wa kichuguu, si nyeusi, uchungu hauji na kelele. Maziwa nilichemsha jioni, nikaacha yapoe usiku, asubuhi nikatoa utando wote na mafuta yaliyokaa juu kwa kijiko. Halafu nusu maziwa nusu maji, moto wa polepole, maana maziwa yakipikwa bila haraka yana utamu wake yenyewe, ambao mtu aliyezoea sukari hausikii tena. Kahawa nikaitia mwisho, na mdalasini, na chumvi kidogo sana, ile inayobaki kwenye ncha ya kidole. Chumvi ndiyo inayoufunga uchungu mdomo. Hilo hakunifundisha mtu, na nisiposema mimi nani atanisemea?

Mume wangu akaonja. Akatazama ndani ya kikombe kama anayetafuta nzi.

"Inapita," akasema.

Kwa mwanamume wa kwetu hiyo ni sifa ya kuandikwa. Akainywa kesho, na kesho kutwa. Nikaanza kulala usingizi.

Lakini kidonda cha pale walipokata hakikufunga. Kiu ikarudi. Halafu nikawaona tena wale sisimizi nyuma ya nyumba, wamenona. Nikakagua sukari yangu ndani ya debe: haijaguswa. Nikajiambia, huyu anakula kwa nani?

Siku moja alasiri nikamfuata kwa macho kutoka shamba la mahindi. Alitoka na magongo yake, taratibu, akaenda hadi nyumba ya mwana wetu mkubwa, hapo hapo bomani. Mwana alikuwa akifanya kazi mjini. Mkewe alikuwa nyumbani na watoto. Mzee hakuingia. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe. Aliketi chini ya upenu akakohoa. Mke wa mwanangu akatoka ameinamisha uso, akaweka kikombe juu ya kigoda, akarudi ndani bila kumtazama. Akanywa. Alipoondoka nikaenda nikachukua kile kikombe. Chini yake kulikuwa na sukari imelala nzito kama uji.

Jioni nikamwambia, "Nimeona kikombe."

Akaegemeza magongo yake ukutani.

"Unataka kutambaa kwa tumbo kama nyoka?"

"Mke wa mwanangu ananiwekea kikombe," akasema. "Nikikiacha, nimemtukana. Nikimwambia asitie sukari, ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini?"

"Mwambie unaumwa."

"Nimwambie mkojo wangu una sukari? Mimi? Mke wa mwanangu?"

Hiyo ndiyo inayoitwa chinsoni, heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake na watoto wake waliooa. Mwili wa mzee hautajwi mbele ya mke wa mwanawe. Hata jipu haliitwi jipu. Na ugonjwa huu ulikuwa na mambo mengine yaliyomkaa mume wangu rohoni, mambo ya chumbani, ambayo yalikwisha kabla ya mguu. Alihofu neno moja likitoka, mengine yatafuata. Yule mtoto wa watu naye alifundishwa kwao kwamba baba mkwe akipewa kikombe lazima midomo ikwame kwa utamu, la sivyo atasema umemnyima. Kila alasiri alimpa heshima, na kila alasiri alimuua kidogo.

Nilijaribu njia za kuzunguka. Nikasema mbele ya mke wa mwanangu kwamba sukari imepotea madukani. Yeye akanyima watoto wake ili ya mzee isikose. Nikasema wazee siku hizi wanapenda isiyo tamu. Akatabasamu kwa adabu, akaongeza.

Halafu nikaona kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Cheusi, kama punje ya njugu iliyooza. Mume wangu hakujua kama kipo. Nilikifunga bila kusema, nikavuka uwanja, nikamkuta mke wa mwanangu anachambua mboga.

"Sikiliza. Usimpe mzee sukari tena."

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ana ugonjwa. Anakojoa sukari. Sisimizi wanakula—"

Akaziba masikio kwa mikono yote miwili, mboga zikamwagika. "Mama, usiniambie mwili wa mzee! Mama, tafadhali!"

"Nitakuambia. Mguu ule ulikatwa kwa sababu ya sukari, na huu mwingine umeanza kuoza leo. Ukiweka kijiko kimoja tena, utamzika."

Alikimbia. Nasema alikimbia, na mtoto mgongoni, mpaka kwa mama yake, na aibu ile ikafika huko kabla ya jua kutua.

Mwana wetu aliitwa kutoka mjini. Ndugu za mume wangu wakaketi. Mkubwa wao akanielekezea fimbo.

"Umemvua mzee nguo mbele ya mke wa mwanawe."

"Daktari amemvua mguu," nikamjibu. "Wewe ulikuja kumvika?"

Wakaguna. Mwanangu alitazama chini, sijui kwa hasira au kwa kitu kingine. Wakaamua mbuzi achinjwe kuosha aibu. Mbuzi alichinjwa, wakala wao, na ninakumbuka mkubwa wao aliomba mfupa wa pili.

Lakini tangu siku hiyo mume wangu hakupokea kikombe mkononi mwangu. Ugali alikula, kwa sababu njaa haina chinsoni. Kahawa niliyoisumbukia, ile ya kigae na chumvi, aliiacha ikapata utando mbele yake. Nilimwaga kila asubuhi. Kidole nacho kiliendelea kuwa cheusi.

Mke wa mwanangu aliporudi, aliingia jikoni kwangu alfajiri, amevimba macho. Hakunisalimu.

"Niambie vile inapikwa," akasema.

Nikamwambia yote, kigae, utando, chumvi ya ncha ya kidole. Alasiri mzee alienda upenuni, akakohoa. Mke wa mwanangu akatoka, uso chini, akaweka kikombe kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nimeshika mdomo. Mume wangu akaonja, akajua. Akatazama mlango uliofungwa. Aombe sukari? Kwa nani, kwa neno gani? Akiache kikombe cha mke wa mwanawe? Akakinywa chote, uso umekunjamana kama mtu anayemeza dawa ya mifugo, kwa sababu haya ile ile iliyompa sumu sasa ilimzuia kuikataa dawa.

Akawa anakinywa huko tu. Kidole kikaanguka chenyewe, kikiwa kikavu, lakini kidonda kikafunga. Mguu ukabaki.

Sisemi tulipatana. Alikuwa ananiita "wewe." Miaka ilipita hivyo, tukilala nyumba moja kama watu waliokutana kituoni wakingoja basi. Halafu ugonjwa ukaacha mguu, ukapanda machoni, akawa kipofu kabla miaka ya sabini haijaisha. Mwana wetu akamchukua mkewe na watoto kwenda kuishi naye mjini. Nyumba yao ikafungwa, na upenu ukabaki.

Mzee aliendelea kwenda huko kila alasiri, akipapasa ukuta kwa gongo. Aliketi, akakohoa. Hakuna aliyemwambia kwamba wamehama, ingawa aliwasikia wakiaga.

Mimi nilipika jikoni kwangu, nikavua viatu, nikavuka uwanja pekupeku. Nikaweka kikombe kwenye kigoda, nikarudi nyuma bila kusema. Akanyoosha mkono, akakipata.

"Asante, mke wa mwanangu," akasema, akakinywa mpaka chini.

Sijui kama alijua ni mimi. Nilisimama pale nikangoja akimalize, nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha. Kesho yake nikapeleka kingine.