Msimbo Mmoja wa Namwase na Ojok

Saa mbili asubuhi, Nabuyonga, mjini Mbale. Namwase anaandika jina la mtoto wa kubuni kwenye tovuti. Mara jina hilo linatokea pia katika programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya pili.

“Zamani kazi hii ilitaka watu wawili,” anasema.

Wawili hao walikuwa yeye, binti wa muuza vitambaa, na Ojok, mtoto wa askari, ambaye alikulia kambini Kimaka, Jinja. Ojok hakujua Kisoga cha Namwase, naye Namwase hakujua Kiacholi cha Ojok, hivyo wakaelewana kwa Kiswahili. Walipanga chumba cha kazi Namakwekwe, hapohapo Mbale, wakala chapati za mayai na kubishana hadi jirani agonge ukuta.

Humo ndimo walimotengeneza programu ya kumbukumbu za chanjo. Namwase aliandika ya mtandaoni, Ojok ile ya zahanati zisizo na intaneti. Kila badiliko liliandikwa mara mbili.

Kisha Ojok akarudi Jinja kumuuguza baba yake. Mwaka jana Namwase alirekebisha ratiba ya chanjo kwenye tovuti, akasahau upande wa Ojok. Zahanati iliyosoma ratiba ya zamani ikamrudisha mama mmoja nyumbani pamoja na mtoto aliyestahili kuchanjwa. Muuguzi aligundua kesho yake, akamfuata mama huyo kwao.

“Nililia kama mtoto ni wangu,” Namwase anasema.

Akaamua uwepo msimbo mmoja, yaani maagizo yaleyale ya kuendesha tovuti na programu ya kompyuta. Lakini ilibidi kazi ya Ojok ifutwe. Akapanda gari hadi Jinja, akamkuta uani akimnyoa baba yake ndevu.

“Afande, habari ya siku nyingi?” alimsalimu mzee, kisha akamweleza Ojok nia yake.

“Wewe umetoka Mbale kuomba ruhusa ya kufuta?” Ojok aliuliza.

“Ni kazi yako.”

“Dada, ile tulifanyia watoto. Futa tu.” Akausuza wembe. “Lakini pale pa kuhifadhi bila mtandao, usiandike upya. Hiyo bado nzuri.”

Namwase aliiacha sehemu hiyo, pamoja na maneno ambayo Ojok aliwaandikia watakaoisoma: “Hapa usiguse, nililala njaa.”

“Nikifika hapo namsikia kabisa,” anasema, akiyaonyesha maneno hayo kwenye skrini.

Mwezi ujao zahanati za Mbale na Jinja zitaanza kutumia programu mpya. Mzee sasa anatembea mwenyewe, na Ojok amekubali kuukagua msimbo kila alasiri akiwa hukohuko Kimaka.

“Siku za Namakwekwe hazirudi, najua,” Namwase anasema. “Ila nikikosea, nataka yeye ndiye aniambie.”