Sari ya Nyanya Kwenye Filamu ya Waliaula

Nyanya yangu aliiona nguo yake mwenyewe ikikata kiuno kwenye skrini, mbele ya ukumbi mzima wa chuo.

Aliyeipeleka huko ni mimi. Na niliipeleka kwa ubaya.

Naitwa Shilpa. Nimezaliwa Kisumu, baba yangu kazaliwa Kisumu, na Kijaluo nakiongea kama mtu wa Kondele.

Chuoni tulikuwa na klabu ya filamu. Mwenyekiti, Waliaula, alikuwa ameandika komedi ya kukejeli ubaguzi wa wanafunzi. Ndani yake kulikuwa na Mhindi mmoja, mama tajiri anayejishaua kwenye harusi ya bintiye.

Mhindi klabuni nilikuwa peke yangu. Niliitaka ile nafasi vibaya sana. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kwetu ni wapi, nikataka wamwone Mhindi wa hapa hapa.

Nikajaribiwa. Waliaula akakuna kichwa.

"Shilpa, wewe huongei kama Muhindi bana. Hakuna mtu atacheka."

Nafasi akapewa Nasike, msichana wa Bungoma. Alibana pua, akasema "wewe kuja hapa, mimi taonyesha wewe," na klabu nzima ikavunjika mbavu. Filamu ya kupinga ubaguzi, jamani.

Kisha wakanijia bila haya, eti niwaazime sari.

Nikasema sawa.

Ba, ndivyo ninavyomwita nyanya, ni mjane. Babu alipofariki alibaki na duka la Ahero peke yake, na tangu hapo huvaa nyeupe tu. Kwetu nyeupe ni ya msiba. Mjane wa zamani akija harusini hukaa nyuma kabisa, na hachezi.

Nikaingia chumbani kwake nikachomoa moja. Mama wa bibi harusi kavaa ujane! Mhindi yeyote angewacheka mpaka basi.

Ili nisikose wachekaji, nikaalika familia zetu kibao. Ba sikumwalika. Shangazi Kanchan ndiye aliyekuja naye, akamketisha kando yangu.

Sari ikatokea. Nasike anazunguka, anarusha mikono. Safu yetu ikaanza kunong'ona, halafu vicheko. Roho yangu ikatulia kwa raha.

Nikamtazama Ba. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Ile ni yangu," akasema. "Hilo pindo nilishona mwenyewe. Leo imecheza harusi, mbele ya watu."

Nilihisi vibaya mno.

Filamu ilipoisha alimfuata Nasike, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kijaluo cha Ahero. Nasike hakuambulia neno, akabaki kuitikia kwa kichwa tu.

Waliaula naye akaona anisifu.

"Mama, hiyo sari ni Shilpa alituletea. Bila yeye tungekwama."

Ba akanigeukia. Nyumbani kuna sanduku limejaa sari za rangi za mama yangu, na yeye analijua vizuri kuliko mimi.

"Ulikuwa unataka wacheke nini, Shilpa?"

Akamshika mkono shangazi, wakaondoka bila mimi.

Waliaula simpendi mpaka leo, na filamu yake ni upuuzi, nasema wazi. Lakini katika ukumbi ule wote, aliyemdhalilisha Mhindi kuliko wenzake ni mimi.

Ukitafuta tusi la kumtupia adui yako, angalia kwanza unalitoa kwenye kabati la nani.