Kilima Kilichonenepa

Mpaka mwisho, Shangazi Dorkas hakuacha kumwaga mashapo ya kahawa yake nje ya mlango, akiiambia ardhi, "Na wewe kula."

Tangu utotoni alikuwa mchuma maua kwenye vilima vya mchanga mweupe nyuma ya misheni. Aliyoyapenda ni maua ya miaka saba, ambayo hata yakikauka hayapukutiki. Mama yake alizikwa amelazwa kichwa juu ya mto uliojazwa maua hayo, mumewe vilevile. Sasa moyo ulikuwa unamsumbua, naye alitaka mto wake ujae maua ya kilima chake mwenyewe. Lakini kilima kilikuwa kimemezwa na migunga ya kigeni, iliyopandwa zamani kuzuia mchanga usipeperuke.

Mpwa wake Levona, aliyeajiriwa kufyeka miti ya kigeni, na wenzake wakaikata yote. Mvua ikanyesha. Zikaota nyasi, zikafika kiunoni, ila ua hata moja halikuonekana.

"Dorkas, siku hizi unafuga ng'ombe?" jirani yao Salomo akamtania.

"Njoo ule wewe, meno si unayo!"

Shangazi alidhani mchanga umechoka. Akaanza kupeleka samadi, ndoo kwa ndoo, mpaka Levona alipomfuma.

"Shangazi, acha! Mchanga haujachoka, umenenepa. Ile migunga inavuta chakula hewani, inakiacha ardhini. Maua yetu yamezoea njaa. Shibe inayaua."

"Nani kakudanganya?"

"Wametufundisha kazini. Tena nimeona mwenyewe: kilima kingine tulipokwangua udongo wa juu, yameota."

"Yaani mtoto nimlishe, afe?"

Hata Levona jambo hilo lilimtatiza: mti umeshakuwa kuni, na bado unatawala kutoka chini.

Wakakwangua kipande cha ukubwa wa kitanda. Mwaka wa pili yakachanua maua tisa. Shangazi alizikwa nayo, sehemu ya mto iliyobaki ikijazwa pamba, na Levona hakujua kama hilo ni kutimiza alilotaka au kushindwa.

Anachokumbuka ni asubuhi ile ya mwisho, wamekaa kando ya kile kipande. Shangazi alimaliza kahawa, akainamisha kikombe juu ya mchanga kama kawaida yake. Mkono ukasita hewani. Akamgeukia.

"Sasa mwanangu, kitu kama hiki ukikipenda, unakipa nini?"