Shali ya Manjano Chini ya Begi

Leo nimemgombeza binti yangu, na tangu asubuhi sina amani.

Nilimkuta kwake Riruta akipanga begi ya kwenda kujifungua. Leso mbili, pamba, sabuni, beseni. Halafu akatoa nguo za mtoto.

Nikamwambia, "Toa hizo. Nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia."

Hayo maneno si yangu.

Miaka ya tisini, nikiwa na mimba yake huyu huyu, tulikuwa tunaishi Mashimoni, Kibera. Nilinunua shali ya manjano pale soko la Toi, nikaificha chini ya begi. Mama mkwe wangu akaipata. Akaniambia hivyo hivyo, akaibeba, akaenda nayo. Nilimchukia, wacha niseme ukweli.

Siku nilipojifungua, akaingia wodi na ile shali. Imefuliwa, imepigwa pasi. Akamfunika mtoto pole pole.

"Shali niliyomnunulia mtoto wangu wa kwanza," akasema, "nilirudi nayo nyumbani ikiwa bado imekunjwa."

Leo binti yangu ameniuliza, "Mum, kwani unaogopa nini?"

Nikazichukua zile nguo, nikaja nazo kwangu Kawangware.

Nyinyi mliozaa, mlibeba nguo ama mlingoja mtoto alie kwanza?

Mimi nimeshazifua. Ziko kwa kamba, na mimi nimekaa hapa chini yake, simu iko mkononi.