Firigisi ya Bata Mzinga

Mtu akiniuliza Protas ni mtu wa namna gani, nitamjibu kwamba ni mtu aliyeshikilia uongo mmoja miezi minane, na uongo wenyewe ulihusu meno.

Tunaishi nyumba moja Glenwood, hapa Durban, nyumba ya zamani ya sakafu za mbao, iliyogawanywa vyumba na mwenye nyumba asiyejua rangi inauzwa wapi. Mimi Verediana niko chumba cha mbele na cherehani yangu. Nashona sare za shule. Chumba kinachofuata ni cha Mireille, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayesuka nywele mjini, na binti yake Lyse wa miaka kumi na moja. Protas, Mchaga wa Rombo, yuko chumba cha uani. Jiko ni moja, na meza yangu ya kukatia vitambaa iko mlangoni pake, kwa hiyo asiniulize mtu haya nimeyajuaje.

Protas alianza kazi kwa kumenya viazi melini. Mpishi mkuu alikuwa mzee Ephraim, Mmarekani mweusi wa Alabama, kusini kwao huko, aliyemfundisha kwamba chakula kilichobaki hakipashwi moto tu, kinapikwa upya kwa heshima. Meli ilipouzwa hapa, wenzake walirudi makwao. Yeye akabaki, na sasa anapika kwenye nyumba ya mapumziko ya mabaharia bandarini. Anaweza kulisha watu sitini bila kupandisha sauti, lakini mwambie azungumze na mtoto mmoja wa kike, jasho linamtoka.

Kwamba anapendana na Mireille, hilo hata paka wa jirani analijua. Tatizo ni Lyse. Mireille aliniambia waziwazi, "Dada Vere, mi nampenda. Lakini Lyse akikataa, siolewi. Ule mtoto alishapoteza ya kutosha." Alichopoteza ni baba yake, Désiré, muuza simu mwenye kicheko kikubwa, aliyefariki miaka minne iliyopita. Nilimjua. Nilimlilia.

Sasa, kwao Bukavu, kama kwetu Bukoba na kama huko Rombo, firigisi ya kuku ni ya baba. Pasaka iliyopita Mireille alipika kuku mzima, na mkono wake ukaenda wenyewe, akaiweka firigisi kwenye sahani ya Protas. Lyse akasimama. Akaacha chakula, akaingia chumbani, na kwa siku mbili hakusema na mtu. Protas aliirudisha firigisi sufuriani akasema taratibu, "Hivi vitu meno yangu hayaviwezi."

Tangu hapo Mireille hununua mapaja matupu, ili firigisi isiingie nyumbani kabisa. Na Protas akaendelea na meno yake, kila mtu akimkaribisha nyama ngumu anashika shavu. Uongo mtupu! Mwezi wa nane, kwenye braai, nyama choma ya huku, kwa jirani yetu Steve, nilimwona kwa macho yangu akimaliza mishikaki minne ya firigisi, amejibanza nyuma ya moshi. Yale meno yangetafuna msumari.

Basi juzi, siku ya pili ya Krismasi, mvua inanyesha tangu mchana, Protas akaja na bakuli la nyama ya bata mzinga iliyobaki kwenye karamu ya mabaharia, na supu ndani ya chupa kubwa ya mayonezi. Mireille alikuwa saluni, watu wanasukwa kwa ajili ya mwaka mpya, asingerudi kabla ya saa moja. Alikuwa amemwomba Protas amlishe Lyse. Ilikuwa mara ya kwanza wabaki wawili, ukiniondoa mimi, na mimi nilikuwa nimeinamia sketi. Protas alinawa mikono mara tatu. Nilimwonea huruma.

Akaanza kazi. Kitunguu na karoti kwenye siagi, unga kidogo juu yake, kisha supu akiimimina huku anakoroga, maziwa, na pilipili manga kwa wingi. Nyama aliichambua kwa vidole nyuzi nyuzi. Ile harufu ilifika chumbani kwao kabla ya mtu kuita, na Lyse akatokea, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Unapika nini, Tonton?" Ndivyo anavyomwita, yaani mjomba kwa Kifaransa chao.

"Bata mzinga. Wa jana."

"Ile dindon? Kwa supu?"

"Subiri uone," alisema, na papo hapo akamimina supu iliyobaki kwenye chupa. Ikatoka na shingo, moyo, na firigisi. Aliichemshia kazini pamoja na mifupa, mpaka ikawa laini. Firigisi ya bata mzinga si ya kuku, ndugu zangu, ilikuwa kama ngumi ya mtoto.

Protas aliiweka haraka kwenye ubao, akashika kisu. Nilimwelewa. Mzee Ephraim alikuwa akizikatakata hizo na kuzitia kwenye mchuzi, na firigisi iliyomo kwenye mchuzi haina mwenyewe. Wote wanakula, hakuna anayeondoka mezani.

"Ile ni gésier," Lyse akasema, akiitaja firigisi kwa Kifaransa.

"Ndiyo. Naikata ndogo ndogo, tule wote."

"Usikate."

Kisu kikasimama. Protas hakuuliza. Aliihamishia kwenye kisahani, akakifunika kwa kikombe, akakisogeza mbali naye. Mimi nikajichoma sindano. Nikajua harusi ndiyo hiyo, imekwisha kwenye kisahani.

Lakini chakula kilikuwa hakijaisha. Alichanganya unga wa ngano, baking poda, siagi na maziwa, akampa Lyse kijiko. "Unadondosha hivi, juu ya mchuzi. Usizamishe mkono."

"Si ni dombolo hii? Gogo wa Nomvula anapikaka." Nomvula ni rafiki yake wa shule, Mzulu, na gogo kwao ni bibi.

"Eish, ndugu yake dombolo. Ya kusini mwa Marekani."

Lyse alidondosha matonge kumi na moja, nilimsikia akihesabu. Protas akafunika.

"Robo saa. Kufungua hakuna. Ukifungua hewa inatoka, yanakuwa mawe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mzee Ephraim alikuwa anakalia kiti mbele ya sufuria kama askari."

Lyse akavuta kiti, akakaa mbele ya jiko. Protas akakaa kwenye kreti. Robo saa nzima walilinda sufuria, mvua inapiga mabati, kisahani kimekaa kati yao, na mimi, ambaye sijawahi kufunga mdomo hata kanisani, niliufunga.

Matonge yalitoka meupe, yamevimba. Lyse alipakua mwenyewe, sahani tatu. Kisha akafunua kisahani, akaiweka firigisi mbele ya Protas.

Protas alishika shavu. "Lyse, mimi meno..."

"Tonton, unadanganya. Kwa Steve nilikuona. Ulikula mingi, ulijificha."

Masikio ya Protas yalikuwa mekundu, na yeye ni mtu mweusi kama mimi.

Lyse akachukua kisu, akaikata firigisi katikati, kwa uangalifu, kama mtu anayekumbuka jinsi ilivyofanywa na mwingine. Nusu kubwa akamwachia, nusu akaweka kwenye sahani yake.

"Papa alikuwa anakataka hivi," alisema. "Yake moja, yangu moja."

Hilo sikulijua mimi, wala nadhani Mireille hakuwahi kulitilia maanani. Tulidhani mtoto analinda firigisi ya baba. Kumbe alikuwa amepoteza nusu yake, na miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Protas alikula nusu yake bila kuinua macho. Alitafuna muda mrefu kuliko meno yalivyohitaji. Mimi nililia wazi, sijali, sketi ya mtoto wa watu ikalowa.

Mireille alirudi saa moja na robo, amelowa, vidole vimekakamaa kwa kusuka. Akafunua sufuria, akakoroga, akapata shingo na moyo. Hofu ikamwingia usoni.

"Na gésier? Iko wapi?"

Lyse alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. "Tulishakula," akasema. "Mi na Tonton."

Mireille akakaa kwenye kreti na koti lake la mvua, na Protas akampakulia.