Mapumziko ya Mwenye Mtoto

Kwetu, upande wa Kabianga, miaka ya tisini, hakuna aliyemwambia mwanamke mjamzito aache kuchuna chai. Nani angethubutu? Mama mkwe wangu aliamini, na majirani wote pamoja naye, kwamba ukilala sana mtoto ananenepa tumboni na kuzaa kunakushinda. "Fanya kazi, atoke mwepesi," aliniambia kila asubuhi. Nami nilimwamini. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, ningejua nini?

Siku ya lori la kiwanda kuja kuchukua chai, uchungu ulinishika katikati ya shamba. Nikamwita mama mkwe, "Mama, kiuno kinakatika."

"Huo ni wa kudanganya," akasema. "Maliza huo mstari."

Haki ya nani, nilimaliza. Majani yakilala yanaharibika, karani wa mizani anayakataa, halafu baba mkwe anafoka nyumba nzima. Nikabeba kikapu changu mgongoni mpaka kituo cha kuuzia chai, nikasimama kwenye foleni nimeshika nguzo. Hakuna aliyenipisha. Kwani kulikuwa na ajabu gani? Wale wanawake wote waliwahi kusimama vile.

Chupa ya uzazi ilipasuka kabla sijafika kwenye mizani. Wakanibeba nyuma ya kituo, wakanitandikia magunia. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Mama mkwe alimsugua mgongo, akampulizia mdomoni, akamsugua tena, mwisho akalia yeye. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia karani akiuliza kile kikapu ni cha nani. Kikapimwa.

Yule mama simchukii, alilia kuliko mimi. Hasira yangu, na ninayo hadi leo, ni ya siku chache baadaye. Kwetu aliyejifungua hupumzika. Analetewa uji na maziwa kitandani, hashiki jembe wala kikapu mpaka shingo ya mtoto ikaze. Basi nilikuwa nimelala, matiti yamejaa hadi yanawaka moto, nikingoja uji kama mzazi yeyote.

Nikamsikia baba mkwe uani akimuuliza mkewe, "Chai inazidi kukomaa na huyu amelala. Anapumzikia nini? Kwani kuna mtoto?"

Mama mkwe aliingia, akaketi kitandani, kisha akaniambia niamke twende. Nilichuna hadi adhuhuri, maziwa yakichuruzika mpaka kiunoni.