Tangu Nianguke Lagani, Najiogopa

Admin, nifiche kabisa. Mume wangu husoma ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja wa miezi kumi na moja. Nilitoka Kitale kuja kuuza mitumba hapa Kakuma. Mume wangu ni karani Lodwar, huja Jumamosi.

Miezi sita iliyopita pikipiki iliyonibeba iliteleza kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, nikaangukia kichwa. Kofia nilikuwa nimeivua kwa sababu ya joto, ujinga wangu mwenyewe. Nililazwa Lodwar, nikaambiwa ubongo umeumia. Kidonda kilipona. Mimi sikupona.

Nikisikia pikipiki moyo unadunda, mikono inatoka jasho, pumzi inakatika. Daktari alisema woga huu unaweza kufuata jeraha la kichwa na una matibabu, nirudi Lodwar. Nimepanda gari mara mbili, na mara zote nimeshuka kwenye laga ya kwanza nikarudi kwa miguu. Mume wangu akasema, "Kidonda ilishapona. Hiyo ingine ni mawazo tu, jikaze."

Nikajikaza. Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya maji, mtoto nimemkalisha kwenye leso kando ya mtungi wangu. Pikipiki ikalia kama bunduki. Nilichojua ni kwamba lazima nimwokoe mwanangu. Nikanyakua, nikakimbia, nikajifungia ndani, nikakumbatia huku nimefumba macho. Nilipofumbua macho, nilikuwa nimekumbatia mtungi.

Jirani yangu Mkongomani ndiye aliyemleta. "Dada, mutoto yako huyu. Nimemukuta bombani pekee yake, analia. Iko nini?" Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema, "Ambia bwana yako. Ukikataa, mi nitamwambia, juu ya mutoto."

Mama mkwe siku zote anataka mjukuu alelewe kwake, na mume wangu hajui kumkatalia mama yake. Nikisema, mwanangu atachukuliwa. Nikinyamaza, siku nyingine huenda jirani asiwepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini hapa kifo cha nani?

Kesho ni Jumamosi. Naandika mtoto akiwa mgongoni, nimemfunga kwa leso mbili, na kila baada ya mstari napapasa nihakikishe ni yeye. Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie baba yake, au nifanye nini?